Jasho la Kuazima

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mtu yeyote aliyewahi kuitwa mvivu kwa sababu shati lake halikulowa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Temeke, Dar es Salaam. Ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, na ni mkimbiaji. Hilo la mwisho sikuwahi kudhani ningeliandika juu yangu. Mwili wangu hautoi jasho la kutosha, na nilifika utu uzima bila mtu hata mmoja kuniambia kwamba jambo la namna hiyo lipo duniani na lina maelezo.

Mtu anayetoka jasho vizuri haoni kazi yake. Anakimbia, uso unang'aa, mgongo unalowa, anajifuta kwa kiganja, anaendelea. Mimi nikikimbia, ngozi inabaki kavu. Uso unawaka kwanza, kisha masikio. Kichwa kinaanza kugonga sawa na mapigo ya moyo, miguu inakuwa mizito, halafu kinafuata kichefuchefu. Nikisimama kivulini, joto haliondoki papo hapo. Linaendelea kupanda kwa muda, nami nimeegemea ukuta nikisubiri dunia iache kuzunguka.

Shuleni tulikuwa na mchakamchaka kila asubuhi. Nilianza vizuri na wenzangu, naimba, napiga hatua. Tulipozunguka uwanja mara kadhaa nilikuwa nimeshabaki nyuma. Mwalimu wa zamu alinitazama, akawatazama wenzangu waliotota, akasema mbele ya wote, "Wenzako wamelowa chapachapa, wewe mkavu! Unategea." Adhabu ya kutegea ilikuwa kuongezewa mizunguko. Simlaumu kwa chuki, kwa sababu kwetu jasho linahesabika kuwa ushahidi. Tunaambiwa mchumia juani hulia kivulini, tunaambiwa tule jasho letu, na anayerudi shambani akiwa mkavu hueleza alikuwa wapi. Lakini mtoto aliyehukumiwa kwa ushahidi huo hubeba hukumu kwa miaka mingi. Mimi niliibeba. Niliamini kabisa kwamba ndani yangu kuna uvivu ambao wenzangu hawana.

Nyumbani lilikuwepo jambo jingine: homa za mchana. Nikicheza juani nilirudi natokota. Mama alinipeleka zahanati, kipimajoto kikapanda, nikaandikiwa dawa ya malaria. Klorokwini ile chungu, iliyowasha mwili mzima usiku kucha, niliimeza mara nyingi mno. Bibi ndiye aliyegundua kwamba homa yangu huondoka kwa kuoga. Alikuwa akisema, "Hii homa inaogopa ndoo, malaria haiogopi ndoo." Alinikalisha kwenye beseni nyuma ya nyumba, akanimwagia maji ya mtungini kwa kata, taratibu, kuanzia utosini, na baada ya muda mfupi niliomba chakula. Hakuna aliyeandika popote maneno ya bibi. Leo ningependa kila zahanati iyasikie.

Nilipokuwa mtu mzima nilipimwa presha ikaonekana imepanda, nikashauriwa nifanye mazoezi. Nikajiunga na klabu ya jogingi ya mtaani. Wakazi wa Temeke wanajua raha yake: alfajiri ya Jumapili, fulana za rangi moja, nyimbo za kuitikiana, watu wanashika Barabara ya Kilwa kwa hatua moja. Niliipenda tangu siku ya kwanza, na kila mara nilitoka katikati ya njia. Wenzangu walinihurumia, "Dada mwalimu, kunywa maji." Nilikunywa hadi tumbo likawa linacheza, na joto likabaki palepale.

Mabadiliko yaliletwa na meno ya mwanangu. Alikuwa na miaka mitatu, mdomoni ana meno machache tu, tena yamechongoka. Nywele zake zilikuwa nyepesi sana, na mchana wa joto alilia mpaka avuliwe nguo. Daktari wa meno alimwangalia mdomoni, akanyamaza kidogo, akapitisha kidole kwenye nywele zake. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa meno: "Mama, huyu mtoto huwa anatoka jasho?" Nilimjibu kwamba sijawahi kuliona. Akaivuta taa upande wangu. "Naomba na wewe ufungue mdomo." Mimi pia meno mawili ya juu hayakuwahi kuota, na moja la pembeni ni dogo na lina ncha. Maisha yangu yote niliyaona kuwa sura yangu tu. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, "Na wewe je, jasho lako likoje?" Nilishindwa kujibu, machozi yakanitangulia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza habari za jasho langu bila kunilaumu.

Alituelekeza kwa daktari wa ngozi aliyesomea Moshi, kwenye kituo cha hospitali ya KCMC kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya 1990. Daktari huyo alinifanyia kipimo cha zamani, kilichoelezwa na tabibu Mrusi, Victor Minor, mwaka 1928. Alinipaka mgongo mzima iodini, akaacha ikauke, kisha akaninyunyizia unga laini wa wanga wa mahindi. Nikaambiwa nipande na kushuka ngazi kwenye chumba chenye joto. Palipo na jasho, iodini na wanga hukutana na kuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Muuguzi alinipiga picha mgongoni kwa simu yangu, akanionyesha. Kulikuwa na michirizi ya zambarau na michirizi mitupu, inashuka kutoka kwenye uti wa mgongo kwa kupinda kama milia ya pundamilia. Kwenye milia ya zambarau natoka jasho kama mtu mwingine. Kwenye milia mitupu hakuna kitu.

Hali yetu inaitwa displasia ya ektodemu, ile aina yenye upungufu wa jasho. Ektodemu ni tabaka la nje la kiumbe kikiwa bado tumboni, na humo ndimo zinamochipuka ngozi, nywele, meno na tezi za jasho. Ndiyo maana mtu wa meno aliweza kuuliza habari za jasho. Mtu wa kawaida ana tezi za jasho kati ya milioni mbili na nne. Aliyezaliwa na hali hii anaweza kuwa na chache mno, au asiwe nazo kabisa. Mara nyingi chanzo ni jeni iliyoko kwenye kromosomu X, iitwayo EDA, ambayo watafiti waliitambua mwaka 1996. Mwanamke ana X mbili, na katika kila seli yake moja hunyamazishwa, jambo alilolieleza mwanasayansi Mwingereza, Mary Lyon, mwaka 1961. Kwangu mimi, sehemu nyingine za ngozi zilinyamazisha X yenye hitilafu na nyingine zikanyamazisha ile nzima, na milia yangu ndiyo ramani ya uamuzi huo. Mwanangu ana X moja tu, aliyoipata kwangu. Hana milia. Mgongo wake wote ni mtupu.

Nilipoanza kusoma juu ya hali yetu, nilikuta kwamba mwanasayansi Charles Darwin aliandika habari hizi tangu mwaka 1875. Alisimulia familia moja ya Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistani: wanaume kumi katika vizazi vinne wakiwa na meno machache, nywele chache na ngozi kavu iliyowatesa wakati wa joto. Mabinti wa familia ile hawakuonekana na dalili, lakini waliwarithisha wana wao wa kiume. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba, kaka wa mama, aliyekuwa mkata mkonge Korogwe. Alikuwa na kipara tangu ujanani na meno ya kuhesabika. Kila alipofika mwisho wa mstari wa mkonge alivua shati, akalichovya kwenye pipa la maji, akalivaa bila kulikamua. Watu walisema ana jini la majini. Mjomba hakusoma, na hakuna daktari aliyemweleza lolote, lakini alijua kuishi na mwili wake kuliko nilivyojua mimi mwenye vyeti. Alikuwa akiazima jasho kutoka kwenye pipa.

Hilo ndilo ninalotaka kulishuhudia hapa: maji yanayoniokoa ni yale yanayokaa juu ya ngozi. Hesabu yake naweza kuieleza hata kwa darasa langu. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 10 hutumia kilokalori zipatazo 600, na sehemu kubwa ya nishati hiyo, robo tatu na zaidi, hugeuka kuwa joto ambalo lazima litoke mwilini. Lita moja ya maji ya friji yenye nyuzi 5, ukiyanywa, huchukua kilokalori 32 tu mpaka yafikie joto la mwili. Lita hiyohiyo ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilokalori zipatazo 580. Tofauti ni mara kumi na nane. Nilipoiona hesabu hiyo ubaoni, kwa mkono wangu mwenyewe, nilielewa kwa nini chupa zote nilizokunywa Barabara ya Kilwa hazikunisaidia. Tena mtu asiyetoka jasho hapotezi maji mengi, kwa hiyo kunywa kupita kiasi kunaweza kuipunguza chumvi ya damu na kumletea hatari nyingine. Nakunywa kwa kiu. Yanayobaki ni ya kichwa, shingo na mgongo.

Pwani kuna ugumu wa ziada. Maji hupoza pale tu yanapokauka, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Dar es Salaam imeshiba unyevu. Shati bichi linaloburudisha Dodoma, huku hubaki bichi na vuguvugu. Kwa hiyo msimu huo nategemea barafu na upepo. Barafu huchukua kilokalori 80 kwa kila kilo kwa kuyeyuka tu, kabla maji yake hayajaanza kupata moto. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, shati bichi na upepo wa kusi vinatosha.

Siku ya kukimbia naamka mapema. Kabla ya kutoka nakula kikombe cha barafu iliyopondwa yenye juisi ya ukwaju, polepole, ili nianze safari mwili ukiwa umepoa. Navaa fulana nyepesi ya pamba niliyoichovya kwenye maji, na shingoni nafunga kipande cha kanga chenye barafu ndani. Saa kumi na moja alfajiri niko njiani. Siendi tena mbali na kurudi. Nazunguka mitaa ya jirani ili kila mzunguko unirudishe kwenye ndoo yangu. Hapo nachovya mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, nahesabu taratibu, najimwagia kopo moja utosini, jingine kifuani, naondoka. Viganja na mikono ya mbele ina mishipa mingi ya damu iliyo karibu na ngozi, na damu ikipita kwenye maji baridi hurudi moyoni ikiwa imepoa. Wazima moto katika nchi mbalimbali hupoza miili yao kwa njia hiyohiyo kati ya zamu. Nakimbia kidogo, natembea kidogo. Masikio yakianza kuwaka natembea. Ngozi ikisisimka kwa baridi ilhali jua linawaka, nasimama na siku hiyo nimemaliza.

Kwa utaratibu huo namaliza kilomita 10. Presha yangu imeshuka. Jumapili nakimbia na klabu, na kiongozi wetu amepanga njia ipite mara mbili penye bomba la maji. Siku alipotangaza hivyo, mama mmoja mtu mzima alinifuata pembeni akaniambia kwamba naye jasho halimtoki tangu alipoanza kutumia dawa fulani, na alikuwa akiona aibu kusema. Tulikaa kwenye msingi wa duka tukazungumza mpaka jua likapanda. Nilimwomba arudi kwa daktari wake akamweleze.

Maana si kila mkavu amezaliwa na hali yetu. Wapo watu wenye afya ambao jasho lao ni dogo tu, na hawapati shida yoyote. Mtu asiyezoea mazoezi au joto hutoka jasho kidogo mwanzoni, na mwili huchukua takriban wiki mbili kujizoesha. Lakini zipo dawa zinazokausha jasho, zikiwemo dawa za zamani za mzio zile zinazoleta usingizi na kukausha mdomo, na baadhi ya dawa za sonona na za kifafa. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu neva zinazoamrisha tezi za jasho. Kovu pana la moto halitoi jasho. Na baka la ngozi lisilotoka jasho na lisilo na hisia linapaswa kuonwa na daktari mapema, kwa kuwa ukoma huanza namna hiyo, nao unatibika. Aliyekuwa akitoka jasho zamani kisha likakoma, asikae nyumbani akisubiri.

Hatari ya mwili kushindwa kupoa ni ya kweli. Mwaka 1912, katika marathoni ya Olimpiki ya Stockholm, Mreno Francisco Lázaro alianguka njiani na kufariki siku iliyofuata. Imesimuliwa tangu wakati huo kwamba alikuwa amejipaka mafuta mazito mwilini kujikinga na jua, na mafuta hayo yakaliziba jasho lake. Joto la mwili likivuka nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Madaktari wa riadha wana kanuni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mzamishe kwenye maji baridi kama yapo, kichwa kikiwa juu na mtu akimshikilia. Kama hakuna chombo cha kumzamisha, mmwagie maji mfululizo mwili mzima na kumpepea, huku mwingine akitafuta usafiri. Usimfunike kwa kanga, na asiyejitambua usimnyweshe kitu.

Mwanangu sasa anasoma. Kabla hajaanza nilikwenda shuleni kwao na barua ya daktari, nikakaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Tulikubaliana akae karibu na dirisha, awe na chupa ya kunyunyizia maji juu ya dawati, avae fulana bichi wakati wa michezo, na akisema amechoka aaminiwe. Tulikubaliana pia kwamba akipata joto la mwili mchana, kwanza amwagiwe maji na kupumzishwa kivulini, kisha apimwe tena. Joto likibaki juu ndipo nipigiwe simu tumpeleke akapimwe malaria, kwa sababu malaria nayo ipo na hali yetu haimkingi mtu. Yeye hucheza mpira kwa vipindi vifupi. Anaingia, anakimbia kwa nguvu zake zote, anatoka, wenzake wanagombania nani amnyunyizie, anarudi uwanjani. Juzi alinitajia idadi ya mabao yake, na chupa hakuitaja kabisa.

Walimu wenzangu, viongozi wa vilabu, makocha wa mitaani, ombi langu kwenu ni dogo. Msipime juhudi ya mtu kwa unyevu wa nguo yake. Mtazameni usoni: akiwa ameiva na ngozi ni kavu, mpeni ruhusa ya kusimama na mumpe maji ya kichwani kabla ya maji ya kunywa. Wekeni ndoo na kopo penye kila uwanja wa mazoezi. Gharama yake mnaimudu. Na wewe uliyekaa nje ya mstari ukiamini kwamba mwili wako ni mvivu, nenda ukaulize, ukapimwe, ujue una milia au huna. Kisha rudi ukimbie na ndoo yako. Nafasi yako kwenye mstari ipo.